Alama Zisizotazamana

Mume wangu Chege ana shahada tatu, na sijaona hata moja iliyowahi kufungua nati. Hilo halijamzuia kuwa fundi. Anafundisha takwimu chuo kikuu hapa Johannesburg, na kwa kuwa wanafunzi huandika kila anachosema, ameamini kwamba kila anachosema kinafaa kuandikwa. Nyumbani kwetu, mtaa wa La Rochelle, amekwisha kutengeneza pasi, ikafa. Ametengeneza bomba la jikoni, likaanza kuvuja upande ambao ulikuwa mzima. Ametengeneza geti, na mpaka leo kulifungua ni kazi ya watu wawili.

Kwa hiyo aliposema kwamba kambelti ya gari langu angeibadilisha kwa mikono yake, tena Jumamosi ile ile aliyokuwa anakuja Kiprotich kuleta posa, nilianza kuhesabu gharama. Kambelti ni ule mkanda wa mpira wenye meno ulio ubavuni mwa injini, ambao kwetu Kenya tunauita taiming belti. Gari ni langu mimi, ndilo linalonipeleka benki kila asubuhi. Nilimwambia kuna gereji mtaa wa pili. Akanijibu kwamba mafundi wa mji huu hawana msingi, na kwamba yeye akiwa kijana Murang'a aliivunja na kuijenga upya injini ya pikapu ya baba yake. Hadithi ya pikapu hiyo nimeisikia tangu siku za uchumba. Pikapu yenyewe ilikuwa na cheni, haikuwa na mkanda, na marehemu baba mkwe aliniambia kwamba baada ya ule ujenzi mpya waliiuza kwa mtu wa vyuma chakavu.

Lakini Chege alikuwa na sababu yake. Kiprotich ni kijana wa Kapsabet anayetaka kumwoa binti yetu Monicah. Chege alisema zamani mkwe alipimwa kwa kufyeka shamba la baba mkwe. Hapa La Rochelle shamba hakuna, gari lipo, basi kijana aje amshikie spana, aonekane ni mtu wa namna gani. Kichekesho ni kwamba Kiprotich anayajua magari kuliko sisi sote. Kazi yake ni kukagua injini zilizokufa, kwa niaba ya kampuni ya bima. Mtu akidai injini yake imekufa yenyewe, hutumwa Kiprotich aende aitazame, aseme iliuawa na nani.

Alikuja asubuhi na kreti ya soda, akaiweka barazani kivulini. Kreti hiyo haikuwa ya kukata kiu. Kwa watu wa Chege, kinywaji cha posa hakiguswi kabla binti hajaulizwa mbele ya watu: tunywe? Akisema tunywe, wazee wanaitwa na safari inaanza. Akisema msinywe, kinywaji kinarudi kilikotoka. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo pombe ya wazee imegeuka soda, lakini swali ni lile lile, na Monicah alipaswa kulijibu siku hiyo baada ya chakula cha mchana.

Usiku uliotangulia aliniambia kwamba hajui atajibu nini. Monicah alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Alisema kumpenda anampenda, hilo halikuwa swali. Kilichomsumbua ni kwamba wakiwa wawili Kiprotich ni mtu mwenye msimamo, lakini akifika mbele ya wakubwa anayeyuka. Yule mwenye msimamo bado hajamwona akisimama mbele ya mkubwa yeyote. Alisema kesho angemtazama, kisha angejua. Nilimwambia huo ni ushamba, mwanamume hapimwi kwa siku moja. Moyoni nilijua anasema kweli.

Tulipokunywa chai Kiprotich alikuwa mchangamfu. Alitusimulia juu ya mtu mmoja wa Hillbrow aliyeapa kwamba injini yake iliingiwa na maji ya mvua, kumbe ilikuwa haijawahi kubadilishwa mafuta.

"Injini haidanganyi, Mama," akaniambia. "Watu ndio hudanganya."

Nilimpenda aliposema hivyo. Nilimwongezea chapati.

Chege akatokea na ovaroli mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, Ruphin, Mkongomani anayeuza vitambaa Newtown, alikuwa hajatoka kwenda sokoni. Alipoona ovaroli ile alileta ndoo, akaipindua, akakaa kutazama kama mtu aliyewahi mpira kabla haujaanza.

"Papa Chege," alisema Ruphin, "mu gereji ya pale pembeni banafanyaka hii kazi kila siku."

Chege akamwambia kwamba kufanya kitu kila siku si kukijua. Nikafikiria miaka yote aliyofundisha.

Sasa nieleze jambo lenyewe, kama Kiprotich alivyonieleza siku nyingine kwa kutumia vijiko na sahani. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na kuna valvu zinazofunguka kwa kushuka mle mle zinamopanda pistoni. Chumba ni kimoja, zinakitumia kwa zamu. Mkanda ndio unaogawa zamu. Ukiufunga vibaya, pistoni inapanda kabla valvu haijaondoka mlangoni, na valvu inapinda. Ili fundi asikosee, kila gurudumu linalozungushwa na mkanda limewekewa alama. Katika gari langu, magurudumu mawili ya juu yamekaa sambamba, na kazi ikiwa sawa, alama zake hutazamana uso kwa uso. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuona kama vitu viwili vinatazamana.

Kiprotich alikuwa ameazima kwa rafiki yake kifaa cha chuma cha kuyashikilia magurudumu hayo ya juu yasisogee mkanda ukishatolewa. Akakitoa kwenye buti kwa mikono miwili, kwa adabu. Chege akakitazama kama mtu aliyeletewa kijiko cha kulia ugali. Alisema wao enzi zao walifanya kazi kwa macho. Yeye alikuwa na kichupa cha wino mweupe wa kufutia makosa, angeuchora mkanda wa zamani, ahamishie michoro kwenye mpya, basi.

"Sawa, Mzee," alisema Kiprotich, akarudisha kifaa kwenye buti.

Nilikuwa naanika nguo kwenye kamba, nikamsikia. Nikajiambia ni mwanzo tu, kijana anamsoma mwenyeji wake.

Wakafungua tairi, wakafungua vifuniko, Chege akitoa hotuba na Kiprotich akifungua nati. Monicah aliwashikia mwanga wa simu. Mkanda wa zamani ulipotoka, gurudumu moja la juu, la kulia, likaruka ghafla na kugeuka kidogo, kwa sababu springi za valvu zilikuwa zinalisukuma na hakukuwa na kitu cha kulishika. Chege akalirudisha kwa mkono. Alilirudisha kama anavyorudisha vyombo kabatini, mradi mlango ufunge. Kisha akavalisha mkanda mpya.

Nilileta chai ya saa nne wakati huo. Nikainama kuweka trei juu ya tofali, na mbele ya macho yangu ndiyo hayo magurudumu mawili. Alama ya kushoto ilimtazama mwenzake sawasawa. Ya kulia ilitazama juu kidogo, kama jirani aliyenuna asiyetaka kuitikia salamu. Ilikuwa nje kwa meno mawili. Nilimtazama Kiprotich. Alikuwa ameona. Macho yake yalikwama pale pale, mdomo ukafunguka, kisha akageuka kumtazama Chege, na mdomo ukafungwa.

Akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mzee, hii ya kulia unaionaje?"

Chege akainama, akafumba jicho moja. Akasema iko karibu. Akasema katika sayansi hakuna kitu kinachokaa sawa kabisa, na kwamba tofauti ile ilikuwa ndani ya kiwango cha makosa kinachokubalika.

"Sawa, Mzee."

Kiwango cha makosa kinachokubalika. Huyu ndiye mtu anayemrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu amesahau nukta. Na yule mwingine, ambaye huwaandikia wajane kwamba madai yao yamekataliwa, ameshindwa kumwambia mzee mmoja aliyevaa ovaroli kwamba alama hazitazamani. Nilichukua vikombe, nikarudi jikoni. Injini si kazi yangu.

Kupitia dirishani niliwaona wakibishana, au tuseme nilimwona mmoja akikubaliana na mwingine. Kiprotich aliomba injini izungushwe kwanza kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kabla ya kuwashwa. Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii, kwa sababu mkono husikia kitu ambacho starta haiwezi kusikia. Chege akaruhusu, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kucheza. Kiprotich akaweka spana kwenye nati kubwa ya chini, akazungusha. Ilienda vizuri, kisha ikagota. Hata mimi jikoni nilisikia, chuma kwa chuma, mlio mdogo tu. Monicah pia alisikia, nikamwona akisogeza simu karibu.

Chege alisema hiyo ni hewa inayobanwa ndani ya silinda, asukume. Sasa, hewa ikibanwa husukuma kwa ulaini, kama godoro. Chuma hakisukumi, kinasimama. Kiprotich anaijua tofauti hiyo, ndiyo inayompa mkate. Hakusukuma. Alitoa spana taratibu, akaifuta kwa kitambaa, akampa Chege.

"Sawa, Mzee," akasema, "tunaweza kuendelea."

Hapo ndipo aliponichosha. Mtu asiyejua unaweza kumhurumia. Huyu alikuwa na akili ya kutosha ya kutosukuma, lakini ujasiri wa kusema kwa nini hasukumi hakuwa nao. Monicah akamwuliza kwa Kiingereza kama kila kitu kiko sawa. Akamwambia asijali.

Wakarudisha vifuniko. Chege akaingia garini mwenyewe, akaweka kiti sawa, akarekebisha hata kioo, kana kwamba anakwenda Pretoria. Akawasha.

Sitausahau mlio ule. Ilikuwa kama mtu aliyemwaga sufuria ya vijiko kwenye ngazi za saruji. Ruphin akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Eish, papa, zima. Ile moteur inaumia."

Chege akazima. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa utafiti na jaribio moja halitoshi, akawasha tena. Safari hii vijiko vilianguka vichache, halafu injini ikanyamaza kabisa, na starta ikazunguka bila uzito wowote. Valvu zangu zilikuwa zimepinda. Mbwa wa jirani peke yake ndiye aliyeendelea kusema.

Chege alishuka akatangaza kwamba mkanda ni bandia. Kisha akasema huenda pampu ya maji ndiyo mbovu. Alipokosa mwingine wa kumlaumu ndani ya injini, akatafuta nje yake, akamtazama Kiprotich.

"Labda ulipozungusha ile spana, kijana, ulisogeza kitu."

Monicah alikuwa bado ameshika simu, mwanga umewaka mchana kweupe. Kiprotich alitazama mikono yake.

"Inawezekana, Mzee," akasema. "Naomba unisamehe."

Mnajua mume wangu alifanya nini? Alifurahi. Alimpigapiga Kiprotich begani, akamwambia makosa ni shule. Walipokuwa wakinawa mikono alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba kijana huyu ni dhahabu, vijana wa siku hizi hawana heshima lakini huyu anayo. Akamalizia kwa methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kumwambia kwamba Kiprotich alilisikia la mkuu barabara, na guu lililovunjika ni la gari langu. Lakini wali ulikuwa unaungua.

Chakula kikawa mezani. Chege akamkaribisha Ruphin mezani awe shahidi, kwa kuwa swali lazima liulizwe mbele ya watu. Baada ya chakula kreti ikaletwa, ikawekwa katikati. Chege akavuta pumzi, akajipanga kama mtu anayepigwa picha.

"Monicah, mwanangu. Huyu kijana ametuletea kinywaji. Tunywe?"

Monicah hakumtazama baba yake. Alimtazama Kiprotich, akasema kwa Kiswahili, ambacho hatujawahi kukisikia kinywani mwake kwa zaidi ya salamu tangu alipoacha shule ya Jumapili.

"Kabla sijajibu. Ile alama ya kulia, ilikuwa sawa?"

Kiprotich aligusa ukingo wa sahani yake. Akasema alifuata vile Mzee alivyoona.

"Sikuulizi Mzee aliona nini. Wewe uliona nini?"

Nitasema ukweli, nilimwombea. Pamoja na hasira yangu yote, nilisema moyoni, sema kijana, sema tu, hata kwa kunong'ona. Sema haikuwa sawa, tuchinje, tuimbe, gari litatengenezwa. Chege alikuwa anatabasamu, akingoja kusifiwa. Kiprotich akanitazama mimi, kana kwamba naweza kumjibia, kisha akamtazama Chege.

"Nilidhani ni hewa," akasema, "kama Mzee alivyosema."

Monicah aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakupandisha sauti.

"Asubuhi ulimwambia Mama injini haidanganyi. Injini ilishasema. Nilikuwa nakungoja wewe." Akamgeukia baba yake. "Baba, msinywe."

Ruphin, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kukaribia chupa, akaurudisha chini ya meza. Chege alianza kuzungumza juu ya heshima, juu ya watoto waliozaliwa ugenini, juu ya aibu. Heshima si utumwa, walisema waliotutangulia, lakini hiyo si methali anayoikumbuka. Kiprotich alisimama, akabeba kreti yake, chupa zikigongana. Alipofika mlangoni akageuka na kusema, asante kwa chakula, Mama. Hata wakati ule, adabu tupu. Kama angevunja sahani hata moja ningemfuata mpaka getini nimrudishe. Ruphin alimsaidia kuinua geti.

Jioni tulikula kiporo. Gari lilikuwa limebaki uani juu ya jeki, limeinua pua. Chege hakuacha kulalamika. Tumempoteza mkwe wa maana, alisema, kwa sababu ya ukaidi wa msichana na mkanda bandia. Kijana mnyenyekevu, kijana anayesikia. Alirudia mkanda bandia mara tatu, mara nne. Nikaweka kijiko chini.

"Mkanda haukuwa na kosa, Baba Monicah. Alama ya kulia ilikuwa nje meno mawili. Niliiona kwa macho yangu nilipoleta chai."

Nilingoja anifokee. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu ya miaka na miaka, yamepangwa. Lakini Chege hakufoka. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Uliona? Na mbona hukusema?"

Nikafungua mdomo. Majibu yangu yote yalikuwa ya mtu anayefokewa, hakuna hata moja lililofaa.

"Nilidhani unajua unachofanya," nilisema.

Monicah alikuwa kwenye sinki akiosha vyombo. Alifunga maji, akageuka, akanitazama vile vile alivyomtazama Kiprotich mchana.